Hipokampasi moja, ujazo wa aina mbili: kulinganisha FreeSurfer na FIRST

Pima hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya mtu yuleyule kwenye picha ileile ya MRI ya aina ya T1, kwanza kwa programu ya FreeSurfer kisha kwa FIRST, iliyo ndani ya kifurushi cha FSL: ujazo hautalingana. FreeSurfer huipa kila vokseli (kijimchemraba kimoja cha picha) lebo, yaani namba ya sehemu ya ubongo, kwa kutazama mwangaza wake, mahali ilipo kwenye atlasi (ramani ya ubongo) na majirani zake. FIRST huchukua umbo lililofunzwa kwa picha 336 zilizochorwa kwa mkono, kisha hulikunjakunja mpaka likae. Mara nyingi FreeSurfer huchora kubwa kuliko mchoraji wa mkono.

Anza na picha 15 hivi:

recon-all -i mtu01.nii.gz -s mtu01 -all
run_first_all -i mtu01.nii.gz -o mtu01

Ya kwanza huchukua saa kadhaa, ya pili dakika tu. Kabla ya kugusa namba yoyote, fungua kila picha na lebo zake juu. Ubongo uliosinyaa sana, wenye ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) pana, ndio unaoipotosha FIRST tangu hatua ya kuulinganisha na kiolezo, yaani ubongo wa mfano.

Katika aseg.stats, faili la vipimo la FreeSurfer, soma Volume_mm3, si NVoxels. Hiyo ya kwanza imesahihishwa kwa vokseli za mpakani zenye tishu mchanganyiko. FIRST haina sahihisho hilo: fslstats yenye -l 16.5 -u 17.5 -V huhesabu vokseli za lebo 17, yaani hipokampasi ya kushoto, basi.

Ukitaka kupandanisha lebo zenyewe, kumbuka FreeSurfer imeshaigeuza picha kuwa mchemraba wa vokseli za milimita 1. Zirudishe lebo kwenye vokseli za picha asili kwa mri_label2vol. Usitumie ukadiriaji wa mstari, unaochanganya namba za vokseli jirani: pembeni mwa hipokampasi ya kulia (53), kuchanganya 53 na sifuri huweza kuzaa 17, na ghafla una vipande vya "kushoto" upande wa kulia!

Uhusiano wa kitakwimu (correlation) wa 0.9 kati ya programu hizi hauonyeshi kwamba zinakubaliana. Moja inaweza kuzidisha kila mtu kwa kiasi kilekile. Chora tofauti ya vipimo viwili vya kila mtu dhidi ya wastani wake, kwa mtindo wa wanatakwimu Bland na Altman. Dice, kipimo cha kupandana kwa lebo kutoka 0 hadi 1, nayo hudanganya: milimita za ujazo 3,600 zikikaa zote ndani ya 4,200, Dice ni 0.92, ya kupendeza kabisa, huku 600 zimepotea.

Ukigawanya kwa ujazo wa ndani ya fuvu, tumia makadirio mamoja kwa programu zote mbili. eTIV, makadirio ya ujazo huo ya FreeSurfer, hutokana na ulinganishaji na Talairach, atlasi ya kawaida ya ubongo, kwa hiyo ulinganishaji ukiteleza, kila uwiano unateleza nao.

Na kama picha za mwaka wa kwanza zilipimwa kwa toleo moja na za mwaka wa pili kwa jingine, usiandike bado kwamba ubongo umesinyaa. Zirudie zote kwa toleo moja, kwa njia ya -base na -long, chaguo za recon-all za kulinganisha picha za mtu mmoja za nyakati tofauti.