Namna ya Kupanga Protini kwa Mwanamke Mwenye PCOS

Mwanamke anapoambiwa kwamba ana PCOS, yaani hali ya ovari kuwa na vifuko vingi, mara nyingi hukata wanga wote kwa pupa, akachoka baada ya wiki mbili na kurudia mlo wa zamani. Ni afadhali aanze na protini, kwani kuongeza kitu kwenye sahani ni rahisi kuliko kukiondoa.

Wengi wenye hali hii wana usugu wa insulini, homoni inayosaidia seli kuchukua sukari ya damu: seli haziiitikii ipasavyo, kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, na wingi huo huchochea ovari kutengeneza homoni za kiume zinazovuruga hedhi, kuleta chunusi na kuotesha nywele kidevuni. Protini haipandishi sukari ya damu kama wanga, tena hushibisha kwa muda mrefu.

Anza kwa kupima uzito wako. Kiwango cha chini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa kila kilo, na ukilenga kati ya hapo na gramu 1.2, mwenye kilo 70 atahitaji gramu 56 hadi 84 kwa siku. Zigawe katika milo mitatu badala ya kuzirundika usiku. Asubuhi ndipo wengi wanapokwama, kwa kuwa chai na mkate havina protini ya kutosha, na yai moja lina gramu 6 tu. Mayai mawili na kikombe cha maziwa hufikisha takriban 20. Mchana, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, na gramu 100 za nyama ya kuku iliyopikwa zina karibu 30. Kula protini na mboga kwanza, wanga ufuate, ili sukari isipande ghafla. Unga wa protini wa kopo si lazima, na baadhi yake umejaa sukari.

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari. Anayetumia metformini, dawa ya kushusha sukari ya damu, kwa muda mrefu aombe kupimwa vitamini B12, ambayo dawa hiyo huweza kuipunguza.

Andika tarehe za hedhi kila mwezi, wala usitegemee mizani peke yake. Zikipita siku 90 bila hedhi na huna mimba, rudi kwa daktari hata kama unakula vizuri, kwa sababu utando wa mji wa mimba huendelea kunenepa.