Somo: Mtoto achague rangi, mzazi achague kipimo

Somo hili limewalenga wazazi na walezi wa watoto wenye umri wa miaka miwili hadi sita hapa Goma, ambao kila asubuhi huvutana na mtoto kuhusu shati, soksi au viatu huku pikipiki ya kumpeleka shule ikinguruma mlangoni. Lote linasimama juu ya mgawanyo mmoja wa kazi: mzazi huamua kinachoingia nyumbani, kinachomtosha mtoto na kinachofaa kwa hali ya hewa, na mtoto huamua ni kipi kati ya hivyo atakachovaa. Mzazi akiingilia sehemu ya mtoto, ugomvi hauishi. Mtoto akiachiwa sehemu ya mzazi, itakayoumia ni miguu yake.

Hatua ya kwanza: Pima mguu ukiwa nyumbani

Ninaanza na viatu kwa makusudi, kwa sababu nguo isiyomkaa mtoto vizuri humkera tu, lakini kiatu kisichomtosha humdhuru. Mpime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa kutembea mchana kutwa. Asimame wima juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, nawe uweke alama mbele ya kidole kilicho kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Pima miguu yote miwili, kwa kuwa mara nyingi hailingani, kisha ufuate ule mrefu zaidi.

Ongeza sentimita moja ya nafasi, halafu uzidishe kwa 1.5, kwani namba za viatu za Ulaya tulizozizoea hupanda kwa kila theluthi mbili za sentimita. Mguu wa sentimita 16 unahitaji kiatu chenye urefu wa sentimita 17 kwa ndani. 17 mara 1.5 ni 25.5, basi utatafuta namba 26. Viatu vya mitumba vilivyotoka Uingereza au Marekani vina hesabu nyingine, na ndiyo sababu ninapendekeza ukate ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu ule wa sentimita 17, uutie mkobani, na ukifika sokoni uuingize ndani ya kiatu. Ukijikunja, kirudishe hata kama namba iliyoandikwa ni sahihi. Kwa watoto wadogo vipimo hivi vinafaa kurudiwa kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Hatua ya pili: Mzazi atangulie sokoni

Uende Virunga, Alanine au Birere, nenda kwanza bila mtoto, au umwache pembeni na dada yake. Mitaa yetu mingi imejaa mawe ya volkano, na baadhi ya vitongoji vimejengwa juu ya lava ya mwaka 2002 yenyewe, kwa hiyo soli nyembamba ambayo ingedumu mwaka mzima penye lami huchanika hapa baada ya muda mfupi. Kikunje kiatu kwa mikono: kinapaswa kupinda mahali vidole vinapoanzia, wala si katikati ya wayo. Kama ni cha mitumba, kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja kimeshafuata mwendo wa mtoto mwingine, na mtoto wako hana sababu ya kuurithi mwendo huo.

Ukipata jozi mbili zinazofaa, patana bei ya kila moja kabla muuzaji hajamwona mtoto. Mtoto akishakikumbatia kiatu chenye taa zinazomulika kisiginoni, hakuna muuzaji atakayekupunguzia hata faranga mia. Ndipo umwite mtoto na kumwonyesha zile jozi mbili tu, umwache azishike, azivae na atembee nazo hatua kadhaa. Atakayoichagua ndiyo mtakayoinunua.

Kwenye nguo ukaguzi ni mwepesi. Lipo jambo moja tu ambalo sikubali lipuuzwe, nalo ni kamba za shingoni kwenye makoti yenye kofia: zivute zote uzitoe, kwa sababu zinaweza kunaswa penye magurudumu ya pikipiki au penye ua na kumkaba mtoto.

Hatua ya tatu: Toa nguo mbili, uzishike mkononi

Swali la «Unataka kuvaa nini leo?» halimsaidii mtoto wa miaka mitatu, kwani linamfungulia sanduku zima. Toa mashati mawili, moja kila mkono, na uyanyanyue mbele yake. Ninasisitiza ayaone, kwa sababu mtoto wa miaka miwili akiulizwa kwa maneno peke yake huelekea kurudia neno la mwisho alilolisikia, nawe utadhani amechagua. Fanyeni kazi hii usiku, kabla ya kulala, nguo zilizochaguliwa zikae juu ya kiti.

Jambo lisilo na hiari lisiulizwe kama lenye hiari. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na asubuhi za mvua zina baridi ya kweli. Usimwulize mtoto kama anataka sweta iwapo jibu la «hapana» hulikubali. Mwulize ikiwa ni ya kijani au ya njano.

Hatua ya nne: Ukishampa, usimpokonye

Hapa ndipo wazazi wengi tunaposhindwa. Mtoto amechagua fulana ya mistari na suruali ya maua, amevaa, amefurahi, kisha mama anaona wageni wanashuka kutoka Keshero na kumvua haraka. Mtoto huyo amejifunza kwamba kuchagua kulikuwa mchezo, na kesho hatachagua, atalia. Kama kuna siku ambazo mavazi lazima yaamuliwe na mkubwa, kama vile harusi, msiba au picha ya familia, mwambie mapema kwamba leo mama ndiye anayechagua. Nitasema waziwazi: ugomvi mwingi wa mavazi hautokani na mwili wa mtoto bali na macho ya majirani, na mtoto hana deni kwa macho hayo.

Hatua ya tano: Avae mwenyewe

Mpatie suruali ya mpira kiunoni na viatu vya kubandika, na umwongezee muda. Kufunga kamba kunaweza kusubiri hadi miaka mitano au sita.

Maswali ya wazazi na walezi

Mama wa Ndosho: Mwalimu, binti yangu wa miaka minne anataka gauni la Jumapili kila siku, hata akienda kucheza nje. Nifanye nini?

Jibu: Mama, gauni hilo litoe machoni pake. Likunje, uliweke juu ya kabati, na sanduku lake libaki na nguo ambazo hazitakuuma zikichafuka. Kumwachia achague hakumaanishi kwamba kila kitu kiwe mezani.

Baba wa Majengo: Wazee wetu wanasema tukiwapa watoto nafasi hii watakuwa wakaidi. Je, si kweli?

Jibu: Baba, ukaidi wa umri huo huja hata usipompa nafasi. Erik Erikson, aliyechunguza makuzi ya mtoto, aliutaja umri wa karibu mwaka mmoja na nusu hadi mitatu kuwa ndio ambao mtoto hujitafutia uhuru wake, na akizuiwa kila mara huishia kuona haya na kujitilia shaka. Lakini wazee wana hoja yao pia: mtoto asiyewekewa mpaka wowote husumbua nyumba nzima. Ndiyo maana tunampa vitu viwili, si kumi.

Mama wa Katindo: Wangu huvaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na nikimrekebisha hukasirika.

Jibu: Kata picha moja yenye gundi vipande viwili, ubandike nusu moja ndani ya kila kiatu, upande wa ndani. Viatu vikikaa sawa, picha inakamilika, naye atavipanga mwenyewe kabla ya kuvivaa.

Bibi wa Mugunga: Mimi ninalea wajukuu watatu. Kila mmoja ana jozi moja ya viatu na sare ya bluu na nyeupe, basi. Somo hili linatuhusu vipi?

Jibu: Bibi, ninakusalimu kwa heshima. Linawahusu, kwa kuwa la kuchagua halikosekani hata pale ambapo nguo ni moja. Mjukuu anaweza kuchagua aanze kuvaa shati au kaptula, avae soksi gani kati ya jozi mbili, au aoshe viatu vyake leo jioni au kesho asubuhi. Kuhusu kurithishana viatu, ambako najua hakuepukiki, fuata ule ukanda wa karatasi na kile kisigino: kiatu cha kaka kinachomtosha mdogo na ambacho hakijalika upande mmoja kinafaa. Kama kimelika, mpelekee fundi akibadilishe soli kabla ya kumvisha, na huyo mdogo ndiye aseme kifungwe kwa kamba nyeusi au ya kahawia.