Jinsi ya kuwatambua makardinali wa Barberini kwenye kuta za Roma

Mgeni akitoka nyumbani kuja kuniona, namshusha kwanza metro ya Barberini. Hapo juu, kwenye kona ya Via Veneto, kuna chemchemi ndogo ya mchongaji Bernini yenye umbo la gamba la kombe wa baharini, na nyuki watatu wa mawe. Washike vizuri akilini, ndio nembo ya ukoo wa Barberini. Kwenye ngao zao utawaona wawili juu, mmoja chini.

Ukishawajua nyuki, usikimbilie kusema ni Papa Urban VIII. Tazama kilicho juu ya ngao. Funguo mbili na taji la ngazi tatu: ni Papa Urban mwenyewe, jina lake la kuzaliwa Maffeo Barberini, aliyechaguliwa 1623. Kofia pana yenye vishada vinavyoning'inia pande mbili: kardinali. Vishada usivihesabu, wachongaji wa zama zile hawakubanwa na idadi moja.

Kardinali yupi? Hapo ndipo penye kazi, maana Papa hakuwasahau wa nyumbani. Francesco, mtoto wa kaka yake, alipata kofia 1623 hiyohiyo. Mwaka 1624 ikawa zamu ya Antonio, mdogo wake Papa, Mkapuchini, yaani mtawa wa shirika la Wakapuchini. Mwaka 1627 akafuata Antonio mwingine, mdogo wake Francesco, kijana wa miaka 20! Kwa hiyo ukisoma jina Antonio peke yake hujamaliza. Tafuta mwaka, kisha uliza jengo ni la nani.

Mkapuchini mtafute kwenye kanisa la shirika lake, hatua chache ukipanda Via Veneto. Watu humpita mbio wakienda kutazama mifupa kule chini. Kaburi lake halina jina, limeandikwa tu kwa Kilatini: hapa pamelala vumbi, majivu na si kitu. Mimi katika ukoo mzima huyu ndiye ninayempenda.

Halafu jipime Palazzo Barberini, jumba la ukoo, chini ya dari aliyoichora Pietro da Cortona 1633–1639. Nyuki ni wakubwa kupita kiasi. Juu yao kuna nini? Funguo na taji, basi umeshajibu.

Jihadhari na miaka ya baadaye. Urban alifariki 1644, Papa aliyemfuata, Innocent X, akaanza kuchunguza hesabu za akina Barberini, nao wakina Francesco wakakimbilia Ufaransa. Baadaye wakapatana, na 1653 Carlo, mjukuu wa kaka yake Urban, akapewa kofia. Nyuki wenye kofia na mwaka wa 1670 na kitu, mfikirie na yeye kabla ya kumtaja Francesco.