Kabla ya Bunduki ya Kwanza Kuingia Nyumbani

Ndugu zetu wanaohamia Marekani huniuliza wanunue bunduki gani ya kulinda nyumba. Wengine, hasa vijana walioangalia video, huuliza waiunganishe ipi kwa vipuri vya kuagiza. Mimi huwauliza kwanza: kile kibati cha mlango kinachopokea komeo kimeshikwa na skrubu za urefu gani? Katika nyumba nyingi za kupanga ni fupi, zimeishia kwenye fremu tu, na teke moja linatosha. Skrubu za inchi 3 hufika hadi kwenye nguzo ya ukuta, na bei yake ni dola chache. Ongeza taa ya nje inayowaka mtu akisogea. Mwizi akihangaika mlangoni dakika mbili, wewe unapata muda wa kupiga 911, namba ya dharura. Vituo vingi vinavyopokea simu hizo vina wakalimani wa simu, kwa hiyo hata bibi aliyefika mwezi uliopita afundishwe kusema “Swahili” na kutaja anwani.

Ukiona bado unaihitaji silaha, anza na karatasi. Duka lenye leseni litakupa Fomu 4473 ya ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, kisha litaulizia historia yako kupitia NICS, mfumo wa shirikisho wa kuchunguza wanunuzi, unaotumika tangu 1998. Kwa sheria ya shirikisho, duka haliwezi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21; kwa bunduki ndefu ni 18. Majimbo huongeza masharti yao: Illinois inataka kadi ya mmiliki wa silaha, FOID, California inakusubirisha siku 10. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua, lakini aliyekuja kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi. Fomu inauliza pia kuhusu bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, na kudanganya humo ni kosa la jinai.

Hapa niseme jambo linalonikereketa. Sisi tumelelewa kusaidiana, na shemeji akiomba umchukulie kitu kwa jina lako ni vigumu kumwambia hapana. Kwa bunduki, mwambie hapana. Kumnunulia mtu mwingine kwa kujifanya mnunuzi halisi kunaweza kukufunga hadi miaka 15 kwa sheria ya 2022, na kwa asiye raia, kosa la silaha linaweza kuishia kwenye kufukuzwa nchini. Miaka yote ile ya kambi ya wakimbizi na mahojiano inaweza kupotea kwa hisani moja.

Kuhusu kuunganisha mwenyewe: machoni pa sheria ya shirikisho, bunduki ni risiva, yaani lile bodi lenye namba; mtutu na kitako ni vipuri tu. Ndiyo maana watu huona ni kama mchezo wa kupachika. Lakini raifo yenye mtutu chini ya inchi 16, au shotigani ya chini ya inchi 18, inaangukia Sheria ya Silaha ya 1934, yenye usajili wake wa pekee, na anayeanza anaweza kuivunja kwa kubadilisha kipande kimoja tu. Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kanuni ya ATF inayohesabu baadhi ya seti za kuunganisha kuwa silaha kamili. Ya kwanza iwe nzima, ya kiwandani, yenye dhamana. Ipeleke uwanja wa shabaha pamoja na mwalimu, uipige risasi mia kadhaa kabla ya kuitegemea usiku. Vikinga masikio ni lazima, maana mlio mmoja unaweza kuharibu usikivu.

Kumbuka pia kuta. Nyumba za huku zimegawanywa kwa jipsamu, na risasi ya bastola, ya raifo, hata marisau makubwa, hupenya na kuendelea hadi chumba cha pili. Chora ramani ya nyumba: watoto wanalala upande gani, jirani yuko nyuma ya ukuta upi? Ukuta wenye mtu nyuma yake usiuelekezee mtutu kamwe.

Sefu inunuliwe kabla ya bunduki, isiwe “mwezi ujao”. Chagua ndogo ya chuma, inayofunguka kwa namba hata gizani, iliyofungwa kwa boliti. Juu ya kabati si mahali, watoto hupajua. Tena hatari si mtoto peke yake. Mwaka 2021 zaidi ya watu 48,000 walikufa kwa risasi Marekani, na zaidi ya 26,000 kati yao walijiua. Kwetu huzuni inafichwa, mtu anasema tu “nimechoka”. Ukimwona mtu wa nyumbani amezama hivyo, itoe silaha nyumbani kwanza, kwa njia ambayo jimbo lako linaruhusu, na namba 988 hupokea simu za wenye dhiki usiku na mchana.

Mwisho nawaomba wenzangu turudishe hodi. Kijana anarudi saa tisa usiku kutoka zamu ya ghala, anaingia polepole asiamshe watu, na huo unyatiaji wake ndio unaofanana na wa mwizi. Kubalianeni kwamba yeyote anayechelewa apige simu akiwa nje, kisha aseme hodi kwa sauti mlangoni. Tochi ya mkononi ikae karibu na kitanda ili umtambue mtu kabla ya kugusa sefu. Familia ikusanyike chumba kimoja, mlango ufungwe, mmoja azungumze na 911 na kuwaeleza yule wa nyumbani mwenye silaha amevaa nini. Polisi wakifika, bunduki isiwe mkononi. Fanyeni zoezi hilo jioni moja, silaha ikiwa imefungiwa, na bibi naye awepo.