XAMPP Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kuifuta

Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, kijana mmoja ninayemfundisha alisimama mlangoni ameikumbatia kompyuta yake. "Shikamoo mwalimu. Data zote zimepotea." Nikamwitikia, nikamvutia kiti. Usiku wake umeme ulikuwa umekatika akiwa katikati ya kazi, na betri yake ilishachoka zamani, kwa hiyo kompyuta ikazima palepale. Umeme uliporudi, akafungua XAMPP, kifurushi cha programu za kuendeshea tovuti kwenye kompyuta yako mwenyewe. Apache, seva inayotoa kurasa, iliwaka, lakini MySQL, inayotunza hifadhidata, ikagoma. Akafanya ambacho karibu kila anayeanza hufanya. Alinakili folda ya hifadhidata yake kwenye flashi, akaifuta XAMPP nzima, akaisakinisha upya, akairudisha ile folda. Majina ya majedwali yakatokea kwenye phpMyAdmin, ukurasa wa kusimamia hifadhidata, akamshukuru Mungu. Alipobonyeza jedwali la kwanza akakuta maandishi haya: "Table 'ada.malipo' doesn't exist in engine".

Ulikuwa mfumo wa ada wa shule, kazi ya miezi minne, na mhasibu alishaanza kuingiza malipo ya kweli. Tuliinuka pale saa mbili usiku. Nitaeleza tulivyofanya, ila nianzie nyuma kidogo, kwa sababu kabla hajaifuta XAMPP shida yake ilikuwa ya dakika 10.

Nafundisha vijana katika chumba kimoja Kirumba, hapa Mwanza, na karibu wote huanza na XAMPP kwenye Windows. Naipenda kwa sababu faili lake la kusakinishia lina kama MB 150. Analipakua mmoja kwa bando lake, halafu linazunguka kwa flashi darasa zima. Ndani yake mna Apache, lugha za PHP na Perl, na MariaDB, programu ya hifadhidata iliyochipuka kutoka MySQL. Ndiyo, MariaDB. Kitufe bado kinasema MySQL, lakini tangu mwaka 2015 kilichomo humo ni MariaDB. Ukitafuta msaada mtandaoni ukafuata maelekezo ya MySQL 8, utaambiwa uguse mafaili ambayo kwako hayapo. Andika MariaDB unapotafuta.

Sasa, ikigoma, jambo la kwanza ni kusoma. Usibonyeze Start mara ishirini. Kwenye dirisha la XAMPP, mbele ya kila huduma kuna kitufe cha Logs. Cha Apache kinakufungulia error.log, cha MySQL kinakufungulia mysql_error.log iliyomo ndani ya C:\xampp\mysql\data. Nenda mwisho wa faili, kisha panda juu taratibu hadi uone saa ile uliyobonyeza Start. Kilichoandikwa kati ya hapo na mwisho ndiyo habari yako. Nawaambia vijana wangu waunakili mstari huo kwenye daftari kwa mkono, kwa sababu anayeandika kwa mkono analazimika kusoma kila neno.

Apache wakati mwingine hufa bila kuandika chochote. Hapo fungua cmd, dirisha la amri la Windows, uiulize mwenyewe:

cd C:\xampp\apache\bin
httpd -t

Ikijibu "Syntax OK", mafaili ya mipangilio hayana kosa la uandishi. Vinginevyo itakutajia faili na namba ya mstari wenye kosa. Mara nyingi ni mtu aliyefungua httpd.conf akafuta alama moja bila kujua. Kabla ya kugusa faili lolote la mipangilio, linakili na kuliita httpd.conf.asili. Utanikumbuka.

Kama sintaksi ni nzima, andika httpd peke yake. Ukiona "could not bind to address" pamoja na 10048, basi poti imekaliwa. Poti ni kama namba ya chumba kwenye nyumba ya wageni, kila chumba kina mgeni mmoja. Apache inataka chumba namba 80 na namba 443, na kuna programu iliyowahi. Ijue ni ipi:

netstat -ano | findstr :80

Angalia mstari wenye LISTENING na poti 80 hasa, maana amri hii itakuletea hata 8080 na 8000. Namba iliyo mwisho wa mstari ni PID, utambulisho wa programu yenyewe. Ikiwa ni 2316, kwa mfano, andika:

tasklist /FI "PID eq 2316"

Utapata jina. PID ikiwa 4, utaambiwa ni System, na hapo wengi huogopa wakidhani ni kirusi. Mara nyingi ni IIS, seva ya Windows yenyewe, ambayo mtu aliiwasha bila kujua. Fungua services.msc, tafuta World Wide Web Publishing Service, isimamishe, kisha iweke Manual ili isijiwashe kila asubuhi.

Kama aliyekalia poti unamhitaji, ihamishe Apache. Ndani ya C:\xampp\apache\conf\httpd.conf badilisha Listen 80 iwe Listen 8080, na ServerName localhost:80 iwe localhost:8080. Kwa 443 faili ni httpd-ssl.conf ndani ya folda ya extra, ambamo utabadilisha Listen na ile VirtualHost _default_:443 pia. Washa upya, kisha fungua http://localhost:8080 kwenye kivinjari. Wengi hubadilisha namba kwenye Config ya dirisha la XAMPP wakadhani wamemaliza. Pale unaliambia dirisha tu poti ya kuangalia. Apache yenyewe inasoma httpd.conf.

Turudi kwa MySQL, maana huku ndiko watu wanakopoteza jasho lao.

Ujumbe wa "MySQL shutdown unexpectedly" unakutajia sababu tano kwa mpigo, poti, ruhusa, ajali na nyinginezo, kwa hiyo haukuambii kitu. Hakikisha kwanza kwamba poti 3306 haijakaliwa na MySQL nyingine iliyosakinishwa peke yake zamani. Unatumia netstat ileile na kubadilisha namba. Kama iko wazi na umeme ulikatika juzi au jana, karibu kila mara ni mafaili yaliyokatwa katikati ya kuandikwa.

Kabla hujafanya lolote, MySQL ikiwa imezimwa, nakili folda nzima ya C:\xampp\mysql\data mahali pengine. Nzima, hata kama imeharibika. Usichague folda ya hifadhidata yako pekee. Hapa ndipo kijana wangu alipoteleza, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini. Ndani ya folda ya hifadhidata mna mafaili ya .frm yenye muundo na ya .ibd yenye data. Lakini daftari kuu linaloiambia InnoDB, injini inayohifadhi majedwali, kwamba majedwali hayo yapo liko nje ya folda hiyo, ndani ya faili linaloitwa ibdata1. Ukibeba folda ukaacha ibdata1, umebeba mizigo ukaacha hati. Ndiyo maana majina yalionekana na majedwali hayakufunguka.

Ukishanakili, soma logi. Ukiona "Aria recovery failed" (Aria ni injini nyingine ya MariaDB), hamisha aria_log_control na mafaili yote yanayoanza na aria_log.0000 kutoka folda ya data uyaweke pembeni, kisha bonyeza Start. Nasema hamisha, sisemi futa. MariaDB itajitengenezea mapya. Hii peke yake imeamsha kompyuta nyingi hapa darasani.

Isipoamka, XAMPP ilikuja na folda safi ya kuanzia, C:\xampp\mysql\backup. Badilisha jina la data liwe data_kale. Nakili backup, na nakala hiyo uiite data. Kutoka data_kale chukua folda za hifadhidata zako tu, ukiacha mysql, performance_schema, phpmyadmin na test, uziweke kwenye data mpya. Kisha chukua ibdata1 kutoka data_kale uiweke juu ya ile mpya. Washa. Watumiaji na manenosiri uliyotengeneza hayatakuwepo, maana yalikuwa kwenye folda ya mysql uliyoiacha. Utaingia kama root bila nenosiri. Logi inaweza kulalamika kwamba namba za mfuatano ziko mbele ya wakati. Usiendelee na kazi juu ya hali hiyo. Toa data zako zote saa hiyohiyo kwa mysqldump, programu inayoandika hifadhidata kwenye faili la .sql, uziingize kwenye usakinishaji safi. Umeshona kiraka, na kiraka si cha kukaa nacho.

Kwa kijana wangu njia hiyo haikuwepo tena, kwa sababu ibdata1 yake ilifutwa pamoja na XAMPP ya zamani. Kilichotuokoa ni vitu viwili alivyokuwa navyo kwenye flashi: mafaili ya .ibd, na faili la .sql lenye CREATE TABLE za majedwali yote 14. Tulitengeneza hifadhidata mpya kwa jina jipya, ada2, tukaendesha CREATE TABLE zote tukapata majedwali matupu, kisha kwa kila jedwali tukaandika:

SET FOREIGN_KEY_CHECKS=0;
ALTER TABLE malipo DISCARD TABLESPACE;

Hapo lile faili tupu la malipo.ibd linaondoka kwenye folda. Tukaweka mahali pake malipo.ibd kutoka kwenye flashi, halafu:

ALTER TABLE malipo IMPORT TABLESPACE;

Itatoa onyo kwamba hakuna faili la .cfg. Hilo ni onyo tu. Majedwali 13 yalirudi kabla ya saa nane mchana. La wanafunzi likakataa, kwa sababu mwezi wa tatu aliliongezea safu kupitia phpMyAdmin bila kuziandika kwenye .sql yake, na muundo usipolingana na faili la zamani injini inaweza kukataa. Alikaa kimya muda mrefu akikumbuka ni safu zipi, za aina gani, na ipi ilifuata ipi. Tulijaribu mara sita. Ya sita ikakubali, majina ya watoto 412 yakashuka kwenye kioo, na yule kijana akainamisha kichwa mezani akalia. Sikumzuia.

Mambo mengine nayapitia haraka. Ukiona msimbo wako wa PHP kwenye kivinjari badala ya ukurasa, tazama anwani. Kama inaanza na file:/// ulibofya faili mara mbili kwenye folda. Liweke ndani ya C:\xampp\htdocs, folda ambayo Apache husomea kurasa, ulifungue kwa http://localhost. Ukihamisha MySQL kwenda poti 3307, ongeza mstari huu kwenye C:\xampp\phpMyAdmin\config.inc.php, la sivyo phpMyAdmin itaendelea kugonga mlango wa zamani:

$cfg['Servers'][$i]['port'] = '3307';

Faili kubwa likikataa kuingia, pandisha upload_max_filesize na post_max_size kwenye php.ini, kisha zima Apache na uiwashe tena, maana php.ini husomwa wakati wa kuwaka. Ukitaka jina lako la ndani badala ya localhost, tumia duka.test. Usitumie duka.dev. Mwisho wa .test umetengwa kwa majaribio tangu mwaka 1999, lakini .dev ni ya Google na vivinjari huilazimisha kwenda https, utahangaika na cheti bure. Ukianza kutumia httpd-vhosts.conf, faili ambamo kila jina la ndani hupewa sehemu yake ya VirtualHost, mwandikie na localhost sehemu yake humo, kwa sababu VirtualHost ya kwanza ndiyo hupokea kila asiyetajwa. Tena zingatia herufi: Windows haijali kama ni Picha.JPG au picha.jpg, ila seva ya Linux utakakopeleka kazi inajali sana. Andika kila kitu kwa herufi ndogo tangu siku ya kwanza.

Kabla hajaondoka usiku ule, yule kijana alifungua Notepad akaandika faili la akiba.bat lenye mstari mmoja:

C:\xampp\mysql\bin\mysqldump -u root ada2 > E:\akiba\ada.sql

E ni flashi yake. Analibofya kila jioni kabla ya kufunga kompyuta, na Ijumaa analiongezea faili la .sql tarehe ya siku hiyo kwenye jina ili la wiki ijayo lisilifute. Ukilitengeneza na wewe, litumie kwa kulibofya au kupitia cmd. Ukiandika amri hiyohiyo kwenye PowerShell inayokuja na Windows, alama ya > italihifadhi faili kwa UTF-16, na siku ya kulirudisha utakataliwa. Ujaribu urejeshaji leo, wakati hakuna kilichoharibika: tengeneza hifadhidata tupu iitwayo jaribio, na kwenye cmd andika

C:\xampp\mysql\bin\mysql -u root jaribio < E:\akiba\ada.sql

kisha hesabu majedwali.