Kusanifu rangi inayobaki kwenye utando wa seli

Rangi iitwayo Nile Red huwaka ndani ya mafuta na karibu kuzimika kwenye maji, ndiyo maana wengi hudhani inafaa utando kama ilivyo. Haifai. Haina chaji, hivyo hupenya na kujikusanya kwenye vitone vya mafuta ndani ya seli. Inachokosa ni nanga.

Hatua ya 1: nanga. Chukua Nile Red yenye haidroksili kwenye kaboni namba 2. Hapo ndipo pa kushikizia. Unganisha mkono mfupi unaoishia na nitrojeni yenye chaji chanya. Nitrojeni hiyohiyo ibebe mnyororo wa kaboni 12 na mkono mwingine wenye salfoneti, chaji hasi. Ndivyo rangi ya utando iitwayo NR12S ilivyojengwa: mnyororo huzama kwenye lipidi (mafuta yanayounda utando), chaji hubaki majini na kuizuia molekuli isivuke. Usivutwe na minyororo miwili ya kaboni 18, kama ya DiI, rangi nyingine ya utando. Hushika sana, lakini kwenye maji huganda mabonge kabla ya kufika kwenye seli.

Hatua ya 2: liposomu (vifuko vidogo vya lipidi) kabla ya seli. Tumia zenye utando mmoja, lipidi 100 µM kwa rangi 0.2 µM. Mng'ao ukiwa hafifu, ongeza sabuni ya maabara kidogo; ukipanda ghafla, rangi ilikuwa mabonge.

Kisha weka daithionaiti ya sodiamu, kemikali inayozima rangi, 10 mM, iliyoyeyushwa papo hapo kwenye Tris (bufa, yaani maji yanayotunza pH) ya pH 10, maana ikikaa huharibika. Huzima rangi ya tabaka la nje tu, kati ya mawili ya utando. Rangi uliyoitia nje ya liposomu saa moja kabla izimike karibu yote. Uliyoichanganya na lipidi tangu mwanzo ibaki karibu nusu. Ile ya nje ikigoma kuzimika, imevuka: rudi kwenye nanga.

Hatua ya 3: seli. Osha seramu yote ya lishe ya seli, kwani albumini, protini iliyomo, huinyakua rangi. Tia 1 µL ya rangi 1 mM (kwenye kiyeyusho cha DMSO) ndani ya bufa 1 mL, tikisa, na mara moja mimina 250 µL juu ya seli zenye bufa 1 mL. Unapata 200 nM. Usidondoshe rangi nzito moja kwa moja: seli za chini ya tone huwaka kupita kiasi, za pembeni hubaki giza. Subiri dakika 5, usioshe, piga picha kwa leza ya nm 532.

Tazama ukingo: uwe mstari mwembamba usiokatika. Nukta zikijitokeza ndani polepole, seli inameza utando wake. Kwenye baridi ya 4°C umezaji huo hupungua. Vitone vya mviringo vinavyowaka tangu dakika ya kwanza ni rangi iliyopenya.