Kusambaza barua pepe au kugawa nywila: mwongozo kwa vyama vya msingi vya korosho

Msimu wa minada unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Oktoba, sanduku la barua pepe la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, kiwe cha Tandahimba au cha Ruangwa, hujaa taarifa za ghala, za minada na za malipo, na katibu peke yake hawezi kuzifuatilia zote. Hapo ndipo nywila huandikwa kwenye karatasi, akapewa mhasibu, akapewa mwenyekiti, huku kijana wa steshenari akiwa nayo siku zote kwa kuwa ndiye aliyeifungua akaunti.

Aliyepewa nywila hakupewa barua tu. Anaweza kujibu kwa jina la chama, kufuta, kufungua mafaili yaliyohifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo, na hata kubadilisha nywila akamfungia nje mwenye dhamana. Ikitumwa barua inayomwelekeza mnunuzi kulipa kwenye akaunti nyingine ya benki, kumbukumbu za mfumo zitaonyesha kifaa kilichotumika, lakini hazitamtaja aliyeandika. Zaidi ya hayo, msimbo wa hatua ya pili, ule unaodaiwa baada ya nywila, huingia kwenye simu ya katibu, naye hulazimika kuwasomea wenzake kwa simu kila wanapotaka kuingia; aliyezoea kusoma misimbo hivyo atamsomea na tapeli.

Kusambaza, yaani kuiacha akaunti ipeleke yenyewe nakala ya barua kwa anwani nyingine, ni salama zaidi, ila kuna sharti. Mpokeaji hupata nakala tu, hawezi kujibu kama chama wala kugusa barua ya asili. Kwenye Gmail, fungua mipangilio ukitumia kompyuta, nenda sehemu ya usambazaji, ongeza anwani ya mhasibu, naye athibitishe ombi litakalomfikia. Usichague kusambaza barua zote, kwani viungo vya kubadilisha nywila za mifumo mingine inayotumia anwani ya chama vitakwenda pamoja nazo, na mpokeaji ataweza kuingia huko bila kuuliza mtu. Tengeneza badala yake kichujio kinachopeleka barua za mtumaji fulani pekee, kwa mfano zile za mwendesha ghala. Orodha zenye majina ya wakulima na namba zao za benki zisisambazwe kiholela, kwa kuwa taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, na nakala ikishatoka hairudi.

Kama mwenzako anatakiwa kujibu pia, na si kusoma tu, ninaloliona bora ni kumpa idhini ya kufikia akaunti, inayopatikana katika mipangilio hiyohiyo, sehemu ya akaunti. Ataingia kwa nywila yake mwenyewe, atasoma, atajibu na hata kufuta, lakini hataweza kubadilisha nywila ya chama. Akaunti ya kawaida ya Gmail huruhusu watu hadi 10, idadi inayokitosha chama chochote cha msingi ninachokifahamu, na jina la anayeondoka hufutwa bila kuwasumbua wengine.

Kwa chama ambacho nywila yake imekwisha kuzagaa, kuibadilisha hakutoshi. Anza na namba ya simu na barua pepe za kurejesha akaunti, ambazo mara nyingi ni za yule wa steshenari. Ziondoe, weka za chama, kisha badilisha nywila na uondoe vifaa vyote usivyovitambua. Baada ya hapo kagua usambazaji, vichujio na orodha ya waliopewa idhini, kwa sababu kanuni ya kusambaza iliyowekwa zamani huendelea kufanya kazi hata nywila ikiwa mpya, na mhasibu aliyeacha kazi ataendelea kuletewa barua nyumbani. Google huweza kuendelea kutuma misimbo kwenye namba ya zamani kwa siku 7, kwa hiyo kazi hii ifanyike mapema, kabla mnada wa kwanza haujatangazwa.